Mama Winchi na Kofia ya Kuombea

Saa moja kasorobo asubuhi Mama Winchi alikuwa nyuma ya tangi la maji, ameinama, anafunga kamba za buti ambazo zilikuwa zimefungwa tangu nyumbani. Alizifungua, akazifunga tena, taratibu, kama mtu anayevuta muda mbele ya mlango wa daktari. Kwa miezi mitatu hii ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza kila siku, na haikuandikwa popote kwenye mkataba.

Upande wa pili wa tangi msimamizi wa saiti alipaza sauti: "Kofia chini, tuombe."

Wanaume kumi na mmoja, msimamizi akiwemo, wakavua helmeti zao na kuzibana kwapani. Yeye akaikaza yake mpaka ikamgusa masikio.

Mambo yalikuwa hivi. Kanisani kwa msimamizi, kumvulia Mungu kofia ndiyo adabu yenyewe, awe mwanamume awe mwanamke, na akina mama wa huko huomba vichwa wazi tangu enzi za bibi zao, wala paa halijapata kuwaangukia. Kanisani kwa kina Mama Winchi mwanamume huvua vilevile, lakini mwanamke akifumba macho bila kitambaa kichwani ni sawa na kumpigia Mungu simu bila salio: utaongea weee, hakuna anayesikia. Mfano huo ni wa mama yake mzazi, mwenyekiti wa akina mama, ambaye vitambaa vyake huvipiga wanga mpaka vinasimama vyenyewe mezani kama wageni. Ukimwuliza mama huyo Paulo aliwaandikia nini hasa wale Wakorintho, na malaika wanahusikaje na nywele za watu, atakwambia wewe funika kwanza, kuelewa kutakuja.

Na kitambaa saiti hakiingii. Bi Filimbi, afisa usalama, alikipiga marufuku pamoja na mikufu, tai, mikanda mirefu na kitu chochote chenye ncha ya kuning'inia, tangu aliposhuhudia mashine ya kukatia vyuma ikimvua mtu shati bila kumwomba ruhusa. Kwa hiyo kichwani mwa Mama Winchi ilibaki helmeti tu.

Juu ya helmeti hiyo alijijengea dini yake ya pembeni. Alijiambia: kufunika ni kufunika, hakuna aliyesema lazima iwe pamba. Siku nzuri aliamini hivyo kabisa. Siku mbaya sauti nyingine ilimjia, yenye lafudhi ya mama yake: hiyo umeivaa kwa ajili ya matofali, mwanangu, siyo kwa ajili ya Mungu, ni kama mtu aliyekosa chakula akasema amefunga. Angeweza kumwuliza mchungaji wake. Hakumwuliza, kwa sababu mchungaji angeweza kujibu.

Alikuwa amefika kwenye winchi kwa njia ya ufagio. Miaka minne alifagia ghala la mabati ambalo lilikuwa na winchi ndogo ya darini, na mwendeshaji wake alikuwa mtu wa kulala baada ya chakula. Mabati hayalali. Siku moja lori lilikuja, jamaa anakoroma, mfagiaji akapanda akapakua. Kesho yake tena. Baada ya mwaka mwendeshaji alikuwa anakuja kazini kulala tu, na mwanamke mwenye ufagio alikuwa anaenda jioni kusomea cheti. Mumewe, fundi viatu, mtu wa vitu vilivyo karibu na ardhi, alikuja mara moja tu kumwona kwenye winchi hii kubwa ya mnara. Alitazama juu, akaomba kiti.

Lakini Mama Winchi alikuwa hapa kwa majaribio. Miezi mitatu, na miezi mitatu ilikuwa inaisha leo. Fomu ilikuwa mezani kwa msimamizi. Akiisaini, kile kiti cha juu, ndani ya kibanda cha vioo, ni chake. Asipoisaini, anarudi kwenye ufagio, na wale wa ghala walikwisha kumpigia simu kumwuliza kama amechoka kuruka.

"Leo tunapandisha jenereta," alisema msimamizi. "Tani nne, mpaka paa la ghorofa ya kumi na mbili. Siyo mzaha. Mama Winchi yuko wapi?"

Mpiga ishara, ambaye ni mdogo wa mumewe na ndiye aliyemletea habari za kazi hii, akakohoa kuelekea kwenye tangi.

"Buti bado tu, mama?" msimamizi akauliza. "Njoo mbele. Anayebeba mzigo ndiye auombee mzigo."

Alitoka nyuma ya tangi kama mtu aliyefumaniwa, akasimama mbele yao. Vichwa kumi na kimoja viko wazi, chake kimefunikwa, cha manjano, kinang'aa.

"Kofia, mama," msimamizi akamkumbusha kwa upole.

"Nimezoea hivi, mzee."

"Umezoea nini?"

"Kuomba nikiwa nimevaa."

Kisha fundi wa zege akasema, siyo kwa sauti ya chini sana, "Huyu anampigia Mungu saluti."

"Mwache na zake," akasema mwingine, wa nondo. "Ila mimi sisimami chini ya mzigo wa mtu aliyekataa kumvulia Mungu kofia. Nina watoto wadogo."

"Una watoto wakubwa wewe," mpiga ishara akamjibu. "Mmoja ana ndevu."

Wachache walicheka. Msimamizi hakucheka. Alikuwa mzee wa kanisa kwelikweli, mtu wa haki, na ubaya wa watu wa haki ni kwamba huwezi kuwahonga kwa soda. "Sikulazimishi," alisema. "Lakini siwezi kupeleka tani nne juu ya vichwa vya watu kwa maombi ya kiburi. Kama haiwezekani, nampigia yule jamaa wa kampuni ya winchi aje apandishe yeye. Ile fomu nayo tutaiongelea."

Shemeji yake akamsogelea. "Vua tu, shemeji. Mungu amekwisha kuona zaidi ya hapo."

Akavua.

Hewa ya asubuhi ilimpita kwenye mistari ya nywele kama mkono wa mtu asiyemfahamu. Aliweka kiganja cha kushoto utosini, kama mwenye maumivu ya kichwa. Kiganja kinahesabika? Vidole vitano, na katikati ya vidole ni wazi, kama dari la majani. Aliomba kwa haraka, akaitaja jenereta, akawataja mafundi na familia zao, akasahau kuitaja winchi yenyewe, akamaliza. Wote wakajibu amina wakaridhika. Yeye alivaa helmeti akaelekea kwenye ngazi akijua moyoni mwake kwamba maneno yale hayakufika hata kwenye ghorofa ya kwanza.

Mnara ule una vidato mia mbili na kumi na mbili. Siku nyingine huvihesabu ili asiwaze. Leo aliwaza na kuhesabu kwa pamoja, ikawa balaa. Kidato cha thelathini: nimevua kwa sababu ya fomu. Cha sitini: kama ningekataa ningekuwa shahidi wa imani, na ningekuwa nafagia. Cha tisini: Mungu mwenye mbingu yote hii anaangalia kichwa changu, kweli? Cha mia na ishirini: mbona mama anasema anaangalia.

Kibandani, kwa kawaida, huitundika helmeti kwenye msumari, maana kibanda kina paa lake. Leo aliupeleka mkono kwenye msumari, akaurudisha, akabaki nayo kichwani.

"Shemeji, unanipata?" redio ya upepo iliita.

Alibonyeza kitufe kwa kidole gumba. "Nakupata."

"Jenereta imefungwa. Kamba za kuongozea zina watu wanne. Pandisha taratibu. Kama unamwamsha mkwe."

Akapandisha. Waya ulikaza, jenereta ikaachana na ardhi, ikawa nzito mikononi mwake kwa namna ambayo mwendeshaji huisikia ingawa hakuna kinachomgusa ila kijiti cha kuendeshea. Ghorofa ya pili. Ya nne. Chini, watu wanne walikuwa wameegemea nyuma na kamba zao, kuzuia mzigo usijizungushe, na wengine wametawanyika ndani ya eneo la mzigo, msimamizi katikati yao mikono nyuma. Ghorofa ya sita. Kwenye ya saba upepo mdogo ulipita, ule wa kupeperusha karatasi tu, jenereta ikatikisa bega.

Upepo wa namna hiyo amekutana nao mara mia. Lakini leo mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, na mkono unaotetemeka kwenye kijiti hauwi siri ya mwenyewe, tani nne zinausoma. Akasimamisha mzigo.

"Kuna nini?" shemeji aliuliza.

"Nipe dakika moja."

"Dakika moja ya nini, shemeji? Hapo siyo stendi."

Mama Winchi alikuwa ameamua. Kama lile la asubuhi halikufika, basi apeleke lingine, sasa hivi, kwa utaratibu. Alikaza helmeti, akafumba jicho moja, la pili akaliacha kwenye mzigo, kwa sababu dini ni dini na kazi ni kazi. Mkono wa kushoto ulikuwa bado umeikamata redio. Aliikamata kwa nguvu, kama watu wanavyokamata kitu wanapoogopa.

"Baba," alisema, "yale ya asubuhi yafute. Nilikuwa kichwa wazi. Nilivua kwa kuogopa watu, unaijua ile fomu. Sasa nimefunika. Ni helmeti, najua siyo kitambaa, lakini Bi Filimbi amekataza vitambaa, na wewe mwenyewe umemwona alivyo. Kama haihesabiki, uhesabu nia. Huyu msimamizi usimkasirikie, ndivyo walivyomlea..."

Kule chini, redio ya mpiga ishara ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho, ili asikie vizuri katika kelele za saiti. Sauti ya mwanamke inayosema *Baba* ikatoka nayo, wazi kabisa, ikaenea kuanzia rundo la mchanga mpaka getini. Na msimamizi, ambaye ameshika adabu hiyo kwa miaka arobaini na hajawahi kuisikia sala akabaki na kofia, alifanya kile ambacho mkono wake ulikijua kabla ya akili yake. Akavua helmeti. Kwa kuwa yeye alivua, fundi wa zege alivua. Wa nondo akavua. Wakavua wote, wakainamisha vichwa, ndani ya eneo la mzigo, na tani nne zikiwa hewani. Wale wanne wa kamba kila mmoja aliachia mkono mmoja ili avue, wakabaki wameshika kamba kwa mkono uliobaki, kilegevu, kwa unyenyekevu.

Mama Winchi, kwa jicho lake lililo wazi, aliona duara kumi na moja ndogo za vichwa wazi, mbili kati yake zinang'aa kwa upara. Hakuelewa. Alidhani wamepagawa. Kisha akaona kamba zimelegea, na jenereta ikaanza kugeuka, polepole, bila haraka, kona yake ikielekea kwenye jukwaa la mabomba pembeni ya jengo. Akatazama mkono wake wa kushoto. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe, ukucha umekuwa mweupe, taa nyekundu inawaka.

"Amina," alisema upesi.

Hakuna aliyeinua kichwa. Sala imekatwa katikati ya sentensi, haijafungwa kwa jina lolote. Watu wa kanisa hawatoki kwenye sala namna hiyo, walikuwa wanasubiri iishe. Msimamizi alionekana kabisa akizidi kuinama.

Jenereta ikaendelea kugeuka. Kona ilikuwa imebakiza hatua mbili za mtu mzima kufika kwenye mabomba. Asingeweza kuuhamisha mzigo ghafla, ungeyumba ukafanya makubwa zaidi. Asingeweza kuushusha, watu walikuwa chini yake. Jasho lilimteremka ndani ya helmeti mpaka puani.

"Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu," alisema, kila neno kwa ukamilifu, kama mtoto wa Jumapili anayesomeshwa, "amina. Vaeni kofia. Shikeni kamba."

"Amina," wakajibu kumi na moja, wakavaa, wakashika kamba. Filimbi ya Bi Filimbi ilikuwa imekwisha kulia mara tatu, lakini nani anasikiliza filimbi wakati wa sala. Kamba zikakaza. Kona ya jenereta ikasita, ikafikiri, ikarudi ilikotoka.

Akangoja mpaka itulie. Kisha akapandisha: ya nane, ya tisa, ya kumi. Paani aliishusha juu ya boliti zake nne mara ya kwanza tu, bila kugonga, na mafundi wa jenereta, waliokuwa wakiingoja huko juu, wakamwinulia dole gumba. Hapo ndipo alipopata nafasi ya kuelewa kwamba saiti nzima imemsikia akimwombea msimamizi msamaha.

Kushuka kulichukua muda mrefu kuliko kupanda. Chini, shemeji yake alikuwa amekaa juu ya mfuko wa saruji.

"Ile sehemu ya Bi Filimbi ilinigusa," alisema.

"Wamekasirika?"

"Fundi wa zege ameuliza kama kanisani kwenu kuna nafasi. Msimamizi amekuita ofisini."

Ofisi ilikuwa kontena lenye dirisha moja. Msimamizi alikuwa amekaa, fomu mbele yake, kalamu juu ya fomu. Bi Filimbi alikuwa amesimama ukutani na daftari lake, mwanamke mfupi ambaye hata akikaa kimya unahisi ametoka kupiga kipenga.

"Nimeandika," alisema Bi Filimbi. "Mwendeshaji ametumia redio kwa mazungumzo yasiyo ya kazi. Hilo moja. Watu kumi na mmoja wamevua helmeti chini ya mzigo, wa kwanza ni msimamizi. Hilo la pili. Sijaamua nianze na lipi kupeleka juu."

Msimamizi hakumtazama. Alimtazama Mama Winchi. "Hivi kweli, binti yangu, uliamini yale ya asubuhi hayakufika?"

"Ndiyo, mzee."

"Na ukapandisha hivyohivyo."

"Mpaka ghorofa ya saba."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Mimi nilikuona tangu wiki ya kwanza. Nyuma ya tangi, na kofia. Mashine ya zege ilipokufa nikasema ni ile kofia. Nondo zilipochelewa, ile kofia. Kila siku nasali nikijua nyuma ya tangi kuna mtu anayaziba maombi yangu. Sikukwambia, niliona aibu. Leo nikasema, siku ya tani nne, hapana, ivuliwe."

Mama Winchi hakujua aweke wapi macho. Miezi mitatu alikuwa amejificha kwa mtu aliyekuwa anamwogopa.

"Sasa," alisema Bi Filimbi, "mimi theolojia yenu siijui. Ninachojua, ndani ya uzio huu hakuna kichwa kitakachokaa wazi tena, cha mwanamke wala cha mwanamume, hata akija malaika mwenyewe apewe helmeti getini. Mkikubali hivyo, daftari langu lina kurasa zinazochanika. Mkikataa, napeleka vyote viwili."

"Mwanamume aombe amefunika kichwa?" Msimamizi alisema hivyo taratibu, kama mtu anayesomewa hukumu.

"Au msiombe."

Hilo lilikuwa baya zaidi. Mama Winchi alitazama kalamu. Haikusogea, na hakuthubutu kuiombea, kwa sababu hakujua tena aanzie wapi. Mwishowe msimamizi akaichukua. "Nisiposaini nitaandika sababu gani," alijisemea, "kwamba aliomba?" Akasaini, akapuliza wino, ingawa kalamu ilikuwa ya kawaida na wino ulikuwa umekwisha kukauka.

Jioni Mama Winchi alimpigia mama yake akamweleza yote, toka kwenye tangi mpaka kwenye fomu, bila kuficha kwamba alivua.

"Na hao wanaume," mama akauliza, "walivua wote?"

"Wote, mama."

"Wote kumi na mmoja?"

"Wote."

"Basi wao angalau waliomba sawasawa," mama akasema, akaagana naye kwa sauti ya mtu aliyepata faida ndogo katika hasara kubwa.

Kesho yake, saa moja kasorobo, Mama Winchi alisimama mstari wa mbele. Msimamizi alifika, akafungua kinywa kusema yale maneno mawili ya siku zote, akakifunga. Mkono wake ulipanda mpaka kwenye ukingo wa helmeti. Bi Filimbi alikuwa getini, anatazama. Mkono ukashuka.

"Tuombe," alisema tu.

Hakuna aliyejua mikono yake aiweke wapi. Msimamizi alianza kwa kumwomba Mungu radhi kwa kofia, akaeleza kwamba ni amri ya usalama, akaeleza tena kwa maneno mengine, sauti inapanda na kushuka, akarudi mara ya tatu kwenye kofia kabla hajafika kwenye kazi ya siku. Mama Winchi aliijua sauti hiyo. Ni ya mtu anayeongea na huku anasikiliza kama upande wa pili pana mtu. Alitaka kumshika kiwiko amwambie inafika, mzee, lakini hilo hakuwa na uhakika nalo. Akasema amina kwa nguvu kuliko wote, akaenda kwenye ngazi.

Kutoka juu, kwenye kiti chake, alimwona siku nzima. Kila alipopandisha kitu, hata ndoo tupu ya zege, msimamizi alikuwa anazunguka saiti kwa njia ya mbali, akishika ukuta, asikanyage mahali mzigo ulipotupa kivuli.